Tone moja, ahadi mbili: hesabu ya tuta ziwani

Mimina kikombe cha maji kwenye sahani, kikombe kingine kwenye bilauri, viweke vyote juani. Jioni sahani imekauka. Bilauri haijapungua hata upana wa kidole. Jaribio hilo la mtoto wa shule ndiyo mbegu ya miradi mikubwa kabisa ya kubadilisha maziwa. Mhandisi anatazama ramani, anaona ghuba pana ambayo mtu mzima anaweza kuivuka kwa miguu, maji yakimfika kifuani, anasema: hii ni sahani. Tuizungushie tuta, tuitoe maji. Yale tuliyokuwa tukiyapoteza angani tuyapeleke mjini kwa bomba, na pale palipobaki tope tulime.

Hoja hiyo ina nguvu, na huwa siwaelewi wanaoipuuza kana kwamba imetungwa na wajinga. Mvukizo hauulizi kina. Ziwa la mita moja na ziwa la mita kumi, yakipigwa na jua lile lile na upepo ule ule, hupoteza kwa mwaka tabaka la maji linalokaribiana. Penye joto na ukavu, tabaka hilo hufika mita moja na nusu, pengine hata mbili. Chukua ghuba ya hekta 1,000, zidisha kwa mita moja na nusu: mita za ujazo milioni 15 kila mwaka. Kwa mji ambao mabomba yake hutoa upepo siku tatu kwa wiki, hiyo si namba ya kudharau.

Kasoro imejificha kwenye neno dogo "na". Maji ya mji na mashamba. Karibu kila mradi wa aina hii huuzwa kwa ahadi hizo mbili kwa pamoja, na ni nadra kukuta ukurasa unaozikutanisha. Shamba nalo linakunywa. Mahindi yaliyokwisha kufunika ardhi, miwa, malisho mabichi, yote hutoa maji angani kupitia majani, na zao lililostawi halitofautiani sana na uso wa maji ulio wazi. Ukilima msimu mmoja kisha ukaiacha ardhi kavu nusu mwaka, utaokoa kitu. Ukilima misimu miwili, au ukipanda mpunga, ambao jaruba lake lenyewe ni ziwa la kina cha kiganja, umerudi karibu pale pale ulipoanzia. Tone ulilolinyang'anya jua umelipa shamba. Ukiliandika tena kwenye safu ya maji ya mji, umeliuza mara mbili, na mmoja wa wanunuzi hatalipata.

Kila nikisoma taarifa za miradi hii, hiyo ndiyo safu ninayoitafuta kwanza. Mara nyingi nakuta mvukizo wa ghuba umepigiwa hesabu hadi nukta ya mwisho, na matumizi ya mazao yako sura nyingine, chini ya kichwa cha umwagiliaji, kana kwamba maji yake yatatoka mwezini.

Kuna safu nyingine ambayo haiandikwi kabisa, na hiyo ni ya uso wa ziwa wenyewe. Tumezoea kuufikiria upana wa ziwa kama hasara, mdomo uliofunguka ukimeza jua. Lakini upana ndio ghala. Ziwa la IJsselmeer nchini Uholanzi lina eneo la takriban kilomita za mraba 1,100. Kwa miongo mingi Waholanzi wameliacha kiangazi likae juu zaidi kuliko majira yao ya baridi kwa sentimita 20 hivi. Ni kimo cha shubiri moja tu. Shubiri hiyo, juu ya eneo lote hilo, ni mita za ujazo milioni 220 za maji baridi yanayosubiri ukame. Hakuna bwawa lililochimbwa, hakuna bonde lililozibwa. Kata theluthi ya uso huo uifanye shamba, na theluthi ya ghala imekwenda nayo.

Hesabu hiyo hiyo hugeuka ya kutisha mvua zikizidi. Tuseme mto umeleta mafuriko ya mita za ujazo milioni 50 ndani ya ziwa la kilomita za mraba 100. Maji yatapanda nusu mita. Sasa zungushia tuta kilomita 30 za mraba. Mafuriko ni yale yale, ziwa limebaki kilomita 70, na maji yanapanda sentimita 71. Zile 21 za ziada hazimhusu aliyejengewa tuta. Zinaingia nyumbani kwa mtu wa ng'ambo ya pili, ambaye pengine hakuwahi kuitwa kwenye mkutano wowote.

China wanalijua hilo kwa gharama. Ziwa Dongting, linalopokea maji ya mto Yangtze, lilikuwa na upana wa takriban kilomita za mraba 6,000 mwanzoni mwa karne ya 19. Vizazi vya wakulima, na baadaye mipango ya serikali, vilizungushia matuta kipande baada ya kipande kwa ajili ya mpunga. Mchanga wa mto nao ukasaidia kulijaza. Mwishoni mwa karne ya 20 zilibaki chini ya kilomita 3,000. Mafuriko ya Yangtze ya mwaka 1998 yaliua watu kwa maelfu na kuwahamisha mamilioni, na baada ya hapo serikali ikatangaza sera yenye jina lisilohitaji ufafanuzi: kurudisha mashamba kuwa ziwa. Matuta yaliyojengwa kwa jasho la mababu yakatobolewa na wajukuu.

Nisieleweke kwamba kila tuta ni kosa. Ziwa Haarlemmermeer, kusini-magharibi mwa Amsterdam, lilikuwa adui wa kweli. Wenyeji waliliita mbwamwitu wa maji kwa sababu kila dhoruba liliuma kingo zake na kumeza vijiji, na mwaka 1836 upepo ulilisukuma hadi kwenye malango ya Amsterdam. Wakachimba mfereji wa kilomita 60 hivi kulizunguka, wakajenga vituo vitatu vya pampu za mvuke, na kati ya mwaka 1849 na 1852 wakalikausha lote, hekta zipatazo 18,000. Leo ndege zinatua kwenye uwanja wa Schiphol juu ya sakafu ya ziwa hilo, zaidi ya mita tatu chini ya usawa wa bahari. Pale hoja haikuwa kuokoa tone wala kupata hekta; ziwa lilikuwa linakula nchi. Mtu akilinda nyumba yake simuulizi faida.

Ila tazama kilichotokea baada ya sherehe. Kituo kimoja kati ya vile vitatu kinaitwa Cruquius, na mtambo wake ungali pale, umegeuzwa makumbusho. Silinda yake ina kipenyo cha mita 3.66, familia nzima ingeweza kukaa ndani na kula chakula cha mchana. Ziwa lilipokwisha mwaka 1852, mtambo haukupumzika. Uliendelea kufanya kazi hadi mwaka 1933, ukapisha mitambo mipya, nayo inapampu hadi leo. Sababu ni rahisi. Ardhi iliyotolewa majini, ile Waholanzi wanayoiita polda, ni bakuli. Mvua ikinyesha ndani haina pa kwenda. Maji ya nje nayo yanapenya chini ya tuta usiku na mchana. Ziwa hukaushwa mara moja kwenye picha za uzinduzi, na kila siku kwenye ankara ya umeme.

Na bakuli lenyewe linazama. Hili ndilo jambo ambalo wakulima wapya hawaambiwi. Penye matete na mafunjo ya miaka elfu, sakafu ya ziwa huwa ni mboji, udongo mweusi wa mimea iliyokufa ikahifadhiwa na maji. Maji yakiondoka, hewa inaingia. Mboji inaanza kuoza, kusinyaa, kupeperuka, hata kuwaka moto chini kwa chini. Wapo waliopata busara ya kupima. Whittlesey Mere, ziwa kubwa kuliko yote ya nyanda za chini za Uingereza, lilikaushwa mwaka 1851. Karibu na hapo, sehemu iitwayo Holme, waliizamisha nguzo ya chuma hadi kwenye udongo mgumu wa chini, wakahakikisha kichwa chake kiko sawa na uso wa ardhi. Leo ukisimama kando yake unainua shingo: nguzo imechomoza takriban mita nne. Haijapanda hata nywele. Aliyeshuka ni wewe, pamoja na msitu, barabara na mashamba. Kila sentimita ya kushuka ni sentimita moja zaidi ya kupandisha maji kwa pampu, na tuta la kuongezwa kimo.

Bonde la Hula, kaskazini mwa Israeli, pamoja na ziwa lake, lilikaushwa kati ya mwaka 1951 na 1958. Lilikuwa fahari ya taifa changa: malaria iondoke, mashamba yapatikane. Malaria ilikuwa tatizo la kweli, ingawa dawa za kuua mbu zilikuwa zimekwisha kuipunguza makali kabla kazi haijakamilika. Mboji ikaanza kuoza na kushika moto, vumbi jeusi likapeperushwa na upepo, na naitreti, chumvi ya mbolea iliyokuwa imelala kwenye kinamasi, ikaoshwa na mto Yordani kuelekea Ziwa la Galilaya, ambalo ndilo lililokuwa chanzo kikuu cha maji ya kunywa ya nchi. Yaani walikausha ziwa la juu, wakachafua la chini. Mwaka 1994 sehemu ya bonde ikarudishiwa maji kwa makusudi. Chura mmoja wa huko, aliyekwisha kuandikwa kwenye orodha ya viumbe waliotoweka duniani, akaonekana tena mwaka 2011, akiwa ametulia kwenye kinamasi.

Sehemu hiyo ya naitreti nairudia kwa sababu inagusa ahadi ya maji moja kwa moja. Ghuba ya kina kifupi yenye matete ni chujio. Mto unaoingia ukiwa na tope na mbolea hupunguza mwendo pale, tope linatua, mimea inakula chumvichumvi. Ukiikata ghuba na kuigeuza shamba, umefanya mambo mawili kwa mpigo: umeondoa chujio, na umeweka mahali pake chanzo kipya cha mbolea, kinachopampiwa ziwani na pampu zako mwenyewe. Kisha unakwenda upande wa pili wa ziwa hilo hilo kuweka bomba la maji ya mji. Wahudumu wa mtambo wa kusafisha maji wataona tofauti kabla ya mtu mwingine yeyote.

Japani walikuwa na Hachirogata, ziwa la pili kwa ukubwa nchini humo, huko Akita. Walianza kulizungushia matuta mwaka 1957 wakishauriwa na wahandisi wa Kiholanzi. Wakapata hekta zipatazo 15,000 za ardhi katikati, na pembeni wakabakiza sehemu ya ziwa iwe hifadhi ya maji ya kumwagilia. Mwaka 1964 wakaanzisha kijiji kipya, Ogata. Walowezi walichaguliwa kwa mtihani na usaili, wakapewa mashamba ambayo mkulima wa kawaida wa Japani wa enzi hizo angeyaona ndotoni tu. Lengo lilikuwa mpunga, kwa kuwa taifa lilikuwa limetoka vitani na njaa.

Mwaka 1970, walowezi wengine wakiwa bado hawajafika, serikali ikaanza sera ya kupunguza kilimo cha mpunga kwa kuwa maghala yalikuwa yamefurika. Hebu fikiria: umehama na mke na watoto, umekopa, umesimama juu ya sakafu ya ziwa lililokaushwa ili upande mpunga, na mjumbe anakuja kukwambia usipande. Wapo waliokaidi. Wapo walioamriwa kuukata ungali mbichi. Kijiji kiligawanyika kwa miaka mingi kati ya watiifu na wakaidi. Na ile sehemu ya ziwa iliyobakizwa kwa ajili ya maji? Imekuwa ikisumbuliwa na mwani wa kijani unaotanda kama rangi iliyomwagika.

Sisemi Wajapani walikosea hesabu. Tuta huchukua miaka 15 au 20 kutoka mchoro hadi mavuno, na bei ya zao haisubiri. Aliyepanga alipanga kwa njaa ya mwaka 1957.

Waholanzi wenyewe, walimu wa kila mtu, walijifunza kwa kukosea. Mwaka 1932 walifunga ghuba ya Zuiderzee kwa tuta la kilomita 32, ikageuka ziwa la maji baridi, na ndani yake wakaanza kutoa polda moja baada ya nyingine kwa mpango wa mhandisi Cornelis Lely. Ile ya kaskazini-mashariki, iliyokauka mwaka 1942, waliiunganisha moja kwa moja na nchi kavu ya zamani. Ilionekana ni busara, kwani tuta linakuwa fupi. Kumbe polda iliyo chini zaidi huvuta maji ya ardhini kutoka kwa jirani aliye juu, na ardhi ya zamani ikaanza kukauka chini kwa chini. Mkulima ambaye hakuwa na habari na mradi aliona mashamba yake yanakosa unyevu. Polda zilizofuata, za mwaka 1957 na 1968, ziliachiwa ukanda wa maji kati yake na nchi kavu. Ukanda huo ulirefusha matuta na kuongeza gharama, wakaulipia bila kubishana.

Polda ya mwisho kwenye mpango wa Lely iliitwa Markerwaard, hekta zipatazo 40,000. Katikati ya miaka ya 1970 tuta lake kuu lilikuwa limekwisha kujengwa, likikata ziwa vipande viwili. Yalibaki matuta ya pande nyingine, kisha kupampu. Hapo ndipo watu wakaanza kuuliza: mashamba zaidi ya nini, wakati Ulaya ina milima ya siagi isiyonunuliwa? Wavuvi, wanamazingira, wenye mashua, na waliotazama ukame wa mwaka 1976 wakakumbuka thamani ya maji baridi, wote wakavuta upande mmoja. Serikali ikaahirisha, ikaahirisha tena, hatimaye ikaachana nao. Eneo hilo bado ni ziwa, Markermeer, na sehemu ya ghala la maji la nchi.

Hata hivyo tuta lililokwisha kujengwa halikukosa madhara. Liliziba mwendo wa maji, tope likakosa pa kutulia, maji yakabaki na tope siku zote na samaki wakapungua. Tangu mwaka 2016 wamejenga humo visiwa vya tope na mchanga ili kurudisha kingo laini za kina kifupi. Ndiyo, wanalipa kutengeneza kile ambacho kwingine watu wanalipa kukifuta.

Mfano unaoniuma zaidi uko Marekani. Utah Lake ni ziwa pana, lenye kina cha wastani kisichozidi mita tatu hivi, na karibu nusu ya maji yanayoingia huishia angani. Sahani kamili. Mradi mkubwa wa maji wa karne iliyopita ulipanga kuzikata kwa matuta ghuba zake mbili, Provo Bay na Goshen Bay, ili kupunguza hasara hiyo. Matuta hayo hayakujengwa. Ndani ya ziwa hilo, na si mahali pengine popote kwa asili, anaishi samaki aitwaye June sucker, ambaye mwaka 1986 aliandikishwa kuwa hatarini kutoweka. Wataalamu walipofuatilia kwa nini vifaranga havikui, jibu likawa kwamba vinateremka na mto hadi ziwani vikiwa vidogo kama uzi, vikikosa maji ya kina kifupi, yenye joto na majani ya kujificha, vinaliwa vyote. Basi miaka ya karibuni wamechimba upya delta ya mto Provo, kwa mamilioni ya dola, ili yapatikane maji yanayofika magotini. Mwaka 2021 samaki huyo akashushwa daraja la hatari. Ghuba ambazo kwenye daftari la mhandisi zilikuwa hasara zilikuwa, kwenye daftari la samaki, wodi ya wazazi.

Wavuvi hawahitaji kuambiwa haya. Wanaita sehemu hizo mazalia na wanazijua kwa majina. Shida yao ni kwamba ghuba haina hati. Ni ya wote, kwa hiyo kwenye hesabu ya fidia ni ya hakuna. Siku tuta linapofungwa, kitu kilichokuwa cha wote kinapimwa vipande, kinapewa namba, kinapata wenyewe. Nashawishika kwamba hapo ndipo ulipo mvuto halisi wa miradi mingi, kuliko kwenye mvukizo. Ardhi mpya isiyo na mgogoro wa mipaka, isiyo na makaburi ya mababu wa mtu, ni nadra mno duniani.

Kwa hiyo mtu akiniletea upembuzi yakinifu wa tuta, simwombi sura ya mazingira. Hiyo huandikwa mwishoni na kusomwa na wachache. Namwomba karatasi moja. Upande mmoja aandike ghuba inapoteza maji kiasi gani ikiwa na matete yake. Upande wa pili aandike mazao aliyoyachagua yatakunywa kiasi gani, misimu yote, pamoja na maji ya kuosha chumvi udongoni. Atoe moja kwenye jingine. Chini yake aandike mafuriko makubwa yatapandisha ziwa lililobaki kwa sentimita ngapi, na nani atalipia umeme wa pampu mwaka wa 40, mkandarasi akiwa amekwisha kusahau hata jina la ziwa.

Tulare, kusini mwa bonde la kati la California, lilikuwa ziwa kubwa kuliko yote ya maji baridi magharibi mwa mto Mississippi. Mito yake ilichepushwa kwa ajili ya umwagiliaji, matuta yakajengwa, sakafu ikawa pamba, nyanya na bustani za miti ya matunda. Ramani zikalifuta. Lilirudi mwaka 1983, likarudi mwaka 1997. Mwaka 2023, baada ya majira ya theluji nyingi milimani, likarudi tena na kufunika makumi ya maelfu ya hekta. Ubishi ukawa tuta lipi likatwe, ili shamba la nani lizame kwanza. Wenyeji wa asili wa Tachi Yokut, ambao hawakuwahi kuacha kuliita kwa jina lake, Pa'ashi, walikwenda ukingoni kuliimbia. Nguzo za umeme zilisimama majini, barabara za lami ziliingia ziwani bila alama yoyote, na ndege wa majini wakatua juu ya mashamba kama waliokuwa wametoka kidogo tu. Mwaka uliofuata maji mengi yalikuwa yamepungua, na matrekta yakarudi kulima.